Barua ya wazi kwa mnaoipanga Kigoma: upimeni mji kwa mguu

Waheshimiwa madiwani, wakurugenzi, wahandisi wa barabara na maofisa mipango miji mnaouhudumia mji wa Kigoma na Ujiji,

Yah: Kupima kila mtaa kwa kile ambacho mkazi wake anakifikia kwa miguu

Salaam nyingi, na poleni na majukumu.

Nikikaa barazani kwetu naliona paa la zahanati. Ni bati la bluu, jua la asubuhi likilipiga linang'aa hadi unakunja uso. Usiku kukitulia tunamsikia mbwa wa mlinzi wa pale akibweka. Lakini kati ya baraza letu na lile paa kuna korongo, na korongo halina kivuko. Anayetaka kufika anapanda kwanza mpaka barabara ya lami, anaambaa nayo akipishana na bodaboda na malori, anazunguka kichwa cha korongo, kisha anateremka upande wa pili kwa njia ya udongo. Nimeipima njia hiyo kwa simu mara nyingi: dakika 26 kwa mtu mzima asiyebeba kitu, siku kavu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Macho yetu yanavuka korongo kila siku, miguu ndiyo inayozunguka.

Mtaa wetu siutaji kwa jina, maana barua hii si ya mtaa mmoja. Mji wetu umekaa juu ya vilima vinavyoteremkia ziwani, na karibu kila kilima kina korongo lake. Ninachoomba ni kimoja: kabla ya kuamua barabara ipi ijengwe, zahanati ikae wapi na viwanja vipimwe vipi, mjue kila mlango wa mji huu unafikia nini kwa miguu, kwa dakika ngapi, kwa njia ipi ya kweli. Elimu ya kupima hivyo ipo duniani tangu zamani, na sehemu kubwa ya takwimu zinazohitajika mmekwisha kuzikusanya wenyewe. Nitaeleza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimama getini asubuhi na daftari la wachelewaji mkononi. Majina yalijirudia. Nikadhani ni watoto wazito, au wazazi wao hawajali, na niliwaadhibu kama walimu wengi tulivyofanya. Kuna jioni moja nilikuwa na barua ya kumpelekea mzazi, nikaongozana na watoto watatu wa kwenye lile daftari. Hawakupita barabarani. Walishuka korongoni kwa kushika mizizi, wakavuka chini kwenye mawe, wakapanda upande wa pili kwa magoti, mabegi yamewaning'inia kifuani. Niliwauliza, mvua ikinyesha je? Mdogo wao akaniambia, "Mwalimu, ikinyesha ndiyo tunachelewa."

Nilirudi nyumbani nikalifungua daftari upya. Karibu majina yote yaliyojirudia yalikuwa ya upande ule. Na yalikuwa yanaongezeka kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua zinapokuwa zimeshika. Daftari lile lilikuwa ramani, nami nilikuwa nalisoma kama orodha ya wakosaji. Jambo hilo bado linaniuma, na ndilo lililonifanya nianze kutembea na simu, kuhesabu dakika, na kusoma nilichoweza kukipata kuhusu namna miji mingine inavyojipima.

Tuanze na namna tunavyopima sisi. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Malengo ya Maendeleo Endelevu nayo yanahesabu wakazi wa mjini wanaokaa ndani ya mita 500 kutoka kituo cha basi. Nia ya vipimo hivi ni njema sana. Shida inaanza pale vinapochorwa. Mtu anachukua ramani, anaweka ncha ya bikari juu ya zahanati, anazungusha duara, na kila paa lililoangukia ndani linahesabiwa kuwa limehudumiwa. Duara halijui korongo. Halijui ukuta wa kiwanja kilichozungushiwa juzi, wala reli, wala mfereji wenye kina cha kifua. Baraza letu limo ndani ya duara, tena karibu kabisa na kitovu chake.

Wanaopima kwa uangalifu hugawa urefu wa njia halisi kwa urefu wa mstari ulionyooka. Kwenye mtaa wa viwanja vya mraba, wenye njia kila upande, jibu haliwezi kuzidi 1.41, hata ukienda kona kwa kona. Kutoka kwetu mpaka zahanati mstari ulionyooka ni kama mita 340, njia ya miguu ni kama mita 1,700. Gawanyeni: ni 5. Namba hiyo moja inaeleza mtaa wetu kuliko ripoti ya kurasa mia, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuipata.

Fikra ya kuupima mtaa kwa kinachofikiwa si ngeni. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alipendekeza mtaa upangwe kuizunguka shule ya msingi, barabara kubwa zipite pembezoni, ili mtoto aende shule bila kuzivuka. Karibu miaka 100 imepita, na mimi bado nawavusha watoto barabara kubwa kwa mikono yangu miwili. Mwaka 1959 Walter Hansen, naye wa Marekani, akaifanya fikra hiyo kuwa hesabu: jumlisha yote ambayo mtu anaweza kuyafikia, lakini kilicho karibu kipe uzito zaidi ya kilicho mbali. Mwaka 2007, huko huko, kikaanzishwa kipimo kinachoitwa Walk Score, kinachoipa kila anwani alama kati ya 0 na 100. Duka, shule au bustani iliyo ndani ya mwendo wa dakika 5 inapata alama zote, na kadiri unavyokwenda mbali alama zinapungua, hadi dakika 30 ambapo kitu hakihesabiwi tena. Mwanzoni walipima kwa mstari ulionyooka, wakakosolewa kwa sababu ile ile ya korongo letu, baadaye wakageukia njia zenyewe. Ninalitaja hilo kwa sababu nisingependa tuanzie walipokosea wao.

Halafu kuna suala la dakika. Watu wa Japani wana kanuni ambayo mimi naipenda kwa unyoofu wake: anayetangaza nyumba lazima aseme ni dakika ngapi kwa mguu kutoka kituo cha treni, na kila mita 80 zinahesabiwa dakika moja. Mita 80 kwa dakika ni mwendo wa kawaida wa mtu mzima kwenye tambarare. Kwa mwendo huo, dakika 15 ni mita 1,200.

Lakini Kigoma si tambarare. Mwaka 1993 mwanajiografia Waldo Tobler alitoa kanuni ya kukadiria mwendo wa mtu mlimani. Ardhi ikiwa sawa mtu anakwenda kilomita 5 kwa saa. Njia ikipanda mita 10 kwa kila mita 100, mwendo unashuka mpaka kama kilomita 3 na nusu. Zile dakika 15 za mita 1,200 sasa zinamfikisha mita 890 hivi. Mtu yule yule, afya ile ile, amepoteza zaidi ya mita 300 za mji kwa sababu tu nyumba yake iko chini na anachokitafuta kiko juu. Kila anayepanda kutoka mwaloni Kibirizi na beseni la dagaa kichwani analijua hilo bila Tobler kumwambia. Na kanuni ile inamhesabu mtu mwenye mikono mitupu. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Mama mwenye dumu kichwani na mtoto mgongoni anakwenda kwa mwendo ambao sijaona kanuni yoyote ikiuandika, na huyo ndiye anayeishi kwenye mitaa yetu.

Kwa hiyo napendekeza tupime kwa dakika, wala tusiishie kwenye mita. Kwenye maji jambo hili limekwisha kukubalika: Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaihesabu huduma kuwa ya msingi iwapo kwenda kwenye chanzo salama, kukaa foleni na kurudi nyumbani havizidi dakika 30. Angalieni wamehesabu foleni. Wamehesabu na kurudi. Mtu aliyeandika kipimo hicho ninaamini aliwahi kusimama bombani. Nasi tukiipima zahanati tuihesabu safari kama mgonjwa anavyoihesabu, ikiwa ni pamoja na kusubiri barabara itulie ili avuke.

Mwaka juzi shangazi yangu, mwenye miaka 60 na ushee, alichoka kuzunguka. Alikuwa na siku yake ya kliniki ya presha, akaamua ashuke korongoni kama watoto. Akateleza, akavunjika mkono juu kidogo ya kiganja. Tulimpandisha vijana wanne na khanga mbili zilizofungwa pamoja. Tulipofika juu ilibidi tuzunguke naye dakika zote zile, yeye akilia taratibu, tukielekea kwenye paa tulilokuwa tunaliona tangu mwanzo. Mkono ulipona. Kliniki ndiyo haendi tena kila mwezi. Kwenye takwimu yupo ndani ya duara.

Naomba sasa niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza baadhi yenu, nalo nalisema kwa heshima. Barabara mpya si lazima imsogeze mtembea kwa miguu karibu na anachokihitaji. Wakati mwingine inamweka mbali. Tunashukuru kwa lami na taa za barabarani tulizozipata kupitia mradi wa miji ya kimkakati, ule wa TSCP. Taa hasa. Mama anayerudi sokoni saa mbili usiku anaziombea dua, na nimewasikia wauza matunda wakisema saa za biashara zimeongezeka. Hayo yahesabiwe. Ila barabara yoyote ya lami inakuja na mambo mawili. Inakuja na mwendo kasi, na inakuja na mifereji. Mfereji mpana usio na mfuniko, wenye vivuko mbalimbali sana, unageuza nyumba ya ng'ambo kuwa ya kata nyingine. Tazameni mahali watu walipotupa gogo au ubao juu ya mfereji. Kila gogo ni ombi la kivuko ambalo halikuandikwa. Kikongwe halipiti gogo lile, anayetumia kiti mwendo ndiyo kabisa, na mtoto akiteleza siku ya mvua maji hayamsubiri mtu.

Kuhusu kuvuka, tuna mfano wa nyumbani. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam mpango wa kukagua njia za watoto kwenda shule na kuzirekebisha kwa vitu vidogo: matuta, kivuko cha pundamilia, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia ya miguu, pengine hata kulihamisha geti la shule kutoka upande wa barabara kubwa. Mwaka 2019 mpango huo, unaoitwa SARSAI, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na kituo cha WRI Ross, ukishindana na miradi ya miji mingine duniani. Kuhamisha geti! Fundi mmoja na mifuko michache ya saruji. Lakini huwezi kujua geti lihamie wapi kama hujatembea na mtoto.

Nirudi kwenye takwimu, maana najua swali la kwanza ofisini ni hela za kupima zitatoka wapi. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa. Tulizunguka na vishikwambi nyumba kwa nyumba, na mwaka huo huo kulikuwa na operesheni ya anwani za makazi, kila nyumba ikapewa namba na mahali pake pakaandikwa kwenye mfumo. Milango basi mnayo. Shule, zahanati, masoko, vituo vya daladala na mabomba ya maji yote yanajulikana yalipo. Mwanzo wa safari upo, na mwisho wa safari upo. Kilichokosekana ni njia iliyo katikati: vichochoro, ngazi za udongo, vivuko vya magogo, mahali panapopitika kiangazi na kufungwa masika. Hizo hazimo kwenye ramani za barabara kwa sababu hakuna gari linalopita.

Kuzichora hakuhitaji mtaalamu kutoka mbali. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanza mwaka 2004, inamruhusu yeyote mwenye simu aitembelee njia na kuiandika. Dar es Salaam walifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 2015 kwa jina la Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi wa mitaa yenyewe walitembea wakichora vichochoro, mifereji na nyumba za mabondeni, lengo likiwa kukabiliana na mafuriko. Kigoma nayo ina vijana wenye simu. Ina mabalozi wa nyumba kumi na wenyeviti wa mitaa wanaojua kila njia ya mkato na jina la aliyeifunga. Nipeni vijana wawili kwa mtaa na wiki mbili, na njia zote za miguu za kata moja zitakuwa zimechorwa.

Ila ziandikwe kwa ukweli wake wote. Njia ile ile itembelewe siku kavu, siku ya mvua na usiku. Itembelewe na mtu mzima, na mtoto wa darasa la kwanza, na mama mjamzito kama yupo tayari, na mtu wa kiti mwendo, hata kama jibu lake litakuwa ni kwamba haipitiki. Mkifanya wastani wa hao wote mtakuwa mmewapoteza wale hasa tuliokuwa tunawatafuta. Andikeni dakika za kila mmoja peke yake.

Na tuulizwe tunakwenda wapi. Vipimo vya wenzetu vinahesabu mikahawa, maduka ya vitabu na bustani. Kwetu mama atakuambia bomba, mashine ya kusaga, zahanati, shule, soko, msikiti au kanisa, wakala wa pesa za simu, mahali pa kupandia gari, mwalo kwa anayeishi kwa ziwa. Uzito wa kila kimoja upangwe na wanaotembea. Bomba unaliendea kila siku, pengine mara tatu. Ofisi ya kata huenda mara mbili kwa mwaka. Ukivipa alama sawa umewatendea vibaya wachota maji, na wachota maji wengi ni wasichana.

Kipimo hakitaonyesha mapungufu tu. Nendeni Ujiji kwenye mitaa ya zamani. Nyumba zimekaribiana, baraza linatazamana na baraza, vichochoro vinakatiza huku na huku, na mtu anafika sokoni, msikitini na kwa fundi cherehani kabla chai haijapoa. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 za kutembea, nyingi zikiwa za machozi kwa sababu waliotembea wengine walifungwa minyororo. Stanley aliyemkuta Livingstone pale mwaka 1871 alifika na msafara wa miguu uliotoka Bagamoyo. Gari moshi lilikuja Kigoma mwaka 1914. Miguu ndiyo iliyoupanga Ujiji, na inaonekana. Mkiupima leo nina hakika utaizidi mitaa mipya mingi yenye viwanja vikubwa na kuta ndefu, ambako mtu ana nyumba nzuri lakini chumvi anaifuata kwa bodaboda. Tusije tukaibomoa hazina ile kwa kupanua njia za magari, halafu tukaanza kuitafuta tena kwa mkopo.

Hapo nina ombi mahsusi kwa maofisa mipango miji. Urasimishaji wa makazi unaendelea, na ni jambo jema, watu wanapata hati. Lakini kabla bikoni hazijapandwa, tembeeni njia za miguu za eneo hilo na muziandike kuwa za umma, zenye upana wake, hata kama ni mita mbili. Leo njia inapita kati ya shamba la mihogo la fulani na ukuta wa fulani, hakuna anayeigombania. Kesho kila mtu ana hati na mpaka, mmoja anajenga ukuta kihalali kabisa, na nyumba arobaini za nyuma zinaanza kuzunguka. Nimeshuhudia njia ambayo babu zetu waliipitia kwenda ziwani ikifungwa kwa tofali ndani ya siku tatu, na mwenye kiwanja hakuwa na kosa. Kufungua njia iliyokwisha kujengewa ni kesi na fidia. Kuiacha wazi wakati wa kupima ni mstari mmoja kwenye mchoro.

Najua pia mtaniambia watu siku hizi wanapanda bodaboda. Wanapanda, ndiyo. Bodaboda ya kwenda na kurudi inakula hela ya mboga, kwa hiyo wanapanda wenye dharura, na wenye dharura wasio na hela wanatembea. Bado mtu anatoka kwenye bodaboda akitembea, na anashuka kwenye daladala akitembea. Barabarani wanaoumia ndio hao: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, karibu robo ya wote waliokufa kwa ajali za barabarani duniani walikuwa waenda kwa miguu.

Sasa hesabu ya fedha, kwa sababu najua mwisho wa yote mnakaa mezani na bajeti isiyotosha. Tuseme upande wetu wa korongo una nyumba 60, na kila nyumba inatoa mtu mmoja tu anayevuka kwenda na kurudi kwa siku. Kivuko cha miguu kikizipunguza dakika 26 zikawa 8, kila mtu anaokoa dakika 18 akienda na 18 akirudi. Kwa nyumba 60 ni dakika 2,160, yaani saa 36 kila siku ya Mungu. Hapo sijahesabu watoto wa shule, ambao ni wengi kuliko watu wazima. Kivuko hicho hakina lami, hakibebi lori, wala hakitazinduliwa kwa ngoma. Wekeni gharama yake kwenye mstari mmoja na kipande cha barabara kinachoshindana nacho, muulize kila shilingi milioni moja inasogeza milango mingapi ndani ya dakika 15 za zahanati na shule. Barabara ikishinda, ijengwe. Wakati mwingine itashinda, maana gari la wagonjwa nalo linahitaji njia. Ninachopinga ni kushindanisha viwili huku kimoja tu ndicho kilichopimwa.

Mji wetu umo miongoni mwa miji 45 ya TACTIC, mradi wa serikali wa kuboresha miundombinu ya miji, na kila kinachojengwa kinaanza na mchoro. Mchoro ni wino, unafutika kirahisi. Zege likikauka tutakaa nalo miaka 50. Ndiyo sababu ninaandika sasa.

Majibu ya upimaji yabandikwe kwenye ofisi za mitaa kwa Kiswahili cha kawaida: mtaa fulani, nyumba kadhaa, ngapi zinafika zahanati ndani ya dakika 15 kwa miguu siku kavu, ngapi siku ya mvua. Mwaka unaofuata ibandikwe tena kando ya ile ya kwanza. Diwani akija kuomba kura tutakuwa na cha kuzungumza naye, naye atakuwa na cha kutuonyesha.

Mimi najitolea kuanza na shule yangu. Nimekwisha chora njia za wanafunzi wa darasa la tatu na la nne kwa msaada wao wenyewe. Wamenifundisha vichochoro ambavyo sikuvijua kwa miaka yote niliyoishi hapa. Mchoro upo kwenye karatasi za manila, nitauleta popote mtakaponiambia.

Na ninawaalika. Chagueni asubuhi yoyote ya siku ya shule, ikiwezekana baada ya mvua ya usiku. Tuanzie barazani kwetu tukiwa tunalitazama lile paa, kisha tuifuate njia mpaka mlangoni pake, wahandisi wakiwa na vipimo vyao nami na simu yangu. Njooni na viatu vinavyoshika udongo. Tukitoka saa kumi na mbili na nusu, watoto watatupita njiani, na mtaona wenyewe ni wangapi watazunguka nasi na wangapi watashuka kule chini.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mwalimu, mkazi wa Kigoma